Kisahani kinachowaka kijani na kufifia: jibu kwa fundi wa Lindi

Swali: "Shikamoo. Mimi ni fundi wa redio na simu, kibanda changu kipo karibu na stendi hapa Lindi mjini. Mpwa wangu anayesoma ng'ambo kanitumia video ya kisahani kidogo kama kipande cha kioo, unene wake kama kucha. Wakakimulika kwa taa isiyoonekana, kikawaka kijani. Kisha wakakipiga mwanga wa zambarau, kikawa kama kimeingiwa na moshi ndani, na ule ukijani ukafifia. Wakakiweka kwenye kibati cha moto kwa dakika chache, kikarudi kama mwanzo. Anasema hicho si kioo, ni kauri, ndugu yake kikombe cha chai, ila kimetiwa madini adimu. Nauliza: kauri inapitishaje mwanga? Mwanga usioonekana unageukaje kijani? Huko kufifia na kurudi kunatoka wapi? Ni kweli kitaiua memori kadi? Na udongo wetu wa huku hauwezi kufanya hivyo?"

Marahaba, fundi. Umeuliza matano kwa mkupuo, na lile la tatu ndilo lililobeba mengine. Ila nitaanza na kitu ambacho hukukiuliza, kwa sababu nina hakika kipo kwenye droo yako ya vyuma chakavu.

Tafuta kiberiti cha gesi kilichokufa, kile cha kubofya kisicho na jiwe la kusugua. Kivunje taratibu. Ndani utakuta kijisanduku cha plastiki chenye springi na nyundo ndogo, na mbele ya nyundo kuna kijiti kifupi cha kauri, kinene kidogo kuliko punje ya mchele. Nyundo ikikigonga, kinatema volti elfu kadhaa, ndiyo ile cheche yenye mlio wa "ta!". Kijiti hicho ni kauri ya feroelektriki. Usikisage, wala mtoto asikitie mdomoni. Kina metali ya risasi ndani.

Jina hilo, lenye "fero" ya chuma, lisikufanye utafute chuma humo. Liliazimwa kutoka kwenye sumaku kwa sababu tabia zinafanana. Katika fuwele za kauri hii atomu zimepangwa katika vyumba vidogo sana, na katika kila chumba kuna atomu ya katikati ambayo haikai katikati. Imesogea upande. Kwa hiyo upande mmoja wa chumba unakuwa chanya na wa pili hasi. Ukiipa kauri umeme wa kutosha, atomu zile zinahamia upande mwingine, na ukizima umeme zinabaki hukohuko ulikozipeleka. Joseph Valasek aliiona tabia hii kwa mara ya kwanza mwaka 1920, huko Minnesota nchini Marekani, kwenye chumvi ya aina fulani. Shika hilo la atomu isiyokaa katikati, nitalirudia.

Sasa mwanga. Asubuhi ukinunua vitumbua wakakufungia kwenye gazeti, yaangalie yale madoa ya mafuta kabla hujalitupa. Pale penye doa gazeti linapitisha mwanga, hata kichwa cha habari cha upande wa pili unakisoma kinyumenyume. Karatasi haijapungua unene. Ila kabla ya mafuta, kati ya uzi na uzi wa karatasi palikuwa na hewa. Mwanga ukitoka kwenye uzi kuingia hewani unapinda, ukiingia uzi mwingine unapinda tena, mara nyingi mno, mpaka unapotea njia na mwingi wake unarudi ulikotoka. Huko kurudi ndiko tunakokuona kama weupe. Mafuta yakishajaza zile nafasi, kwa kuwa yanapindisha mwanga karibu sawa na nyuzi zenyewe, mwanga hauoni mpaka wowote wa kuvuka. Unapita. Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Okota punje moja kubwa kwenye mashamba ya chumvi, utaiona angavu. Lundo lake ni jeupe pe.

Kikombe chako cha chai kimejaa mipaka ya namna hiyo: vitundu vya hewa, punje za aina mbili tatu, na mabaki ya kioo katikati yake. Ukitaka kauri ipitishe mwanga, kazi ya kwanza ni kuvifukuza vitundu vyote. Unga unasagwa laini sana, unagandamizwa, kisha unachomwa, na mara nyingine unaendelea kugandamizwa hukohuko motoni mpaka punje zishikane bila kuacha nafasi. Kazi ya pili ni ngumu zaidi, na inaletwa na ile atomu yetu iliyosogea upande. Kwa sababu yake, punje hupindisha mwanga kwa kipimo kimoja ukipita kwa urefu na kwa kipimo kingine ukipita kwa upana. Punje zimelala ovyo, kila moja kivyake. Hata usipobaki na kitundu hata kimoja, mwanga bado unapinda kila unapovuka kutoka punje kwenda punje.

Ujanja uliopatikana ni wa namna mbili, na kwa kawaida huenda pamoja. Unatia viungo vinavyoisukuma atomu irudi karibu na katikati, ili punje zifanane pande zote. Halafu unahakikisha punje ni ndogo kuliko wimbi la mwanga. Wimbi la kijani lina urefu wa kama nanomita 550, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Punje zikiwa ndogo sana kuliko hapo, mwanga unazipita kama lori linavyopita juu ya changarawe. Lakini ukiisukuma atomu mpaka ikae katikati kabisa, umepata kitu angavu ambacho si feroelektriki tena. Nimeona vijana wengi wakifurahia kisahani kisafi kama maji, halafu wakikipima umeme hakifanyi lolote.

Wa kwanza kuuweza mchezo huu walikuwa Gene Haertling na Cecil Land, katika maabara ya Sandia nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 kuelekea 1970. Walichukua kauri ya ukoo wa ile ya kiberiti chako, yenye risasi, zirkoniamu na titaniamu, wakaitia lanthanamu, wakaichoma chini ya mgandamizo. Ikatoka angavu. Jeshi la anga la Marekani likaitumia kwenye miwani ya marubani: mwako wa bomu la nyuklia ukitokea, umeme unaingia kwenye kauri na miwani inafunga kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, kabla jicho halijaungua. Na lanthanamu yenyewe ni mmoja wa hao madini adimu wa mpwa wako. Ila yeye hawaki. Anafungua mlango tu, wenzake ndio wanaowasha taa.

Tatizo la kauri hiyo ni risasi. Ulaya ilianza kubana matumizi ya risasi kwenye vifaa vya umeme mwaka 2006, ingawa kauri za namna hii zilipewa msamaha kwa kuwa mbadala ulikuwa bado. Mwaka 2004 watafiti wa Toyota huko Japani, Yasuyoshi Saito na wenzake, walionyesha kwamba niobati ya potasiamu na sodiamu, yaani kauri ya metali ya niobiamu isiyo na risasi, inaweza kuikaribia ile ya risasi kwa nguvu, na tangu hapo watu wengi wamehamia huko. Kwa jinsi ulivyokieleza, kisahani cha mpwa wako nadhani ni cha ukoo huo.

Na usitegemee kiwe safi kama kioo cha dirisha. Kauri hii hupindisha mwanga sana, na kinachopindisha sana hurudisha sana. Hata ikiwa haina doa, kama robo ya mwanga inarudishwa na nyuso zake mbili, unapita karibu asilimia 74 tu. Kioo cha kawaida kinapitisha kama asilimia 92.

Tuje kwenye madini adimu. Jina linadanganya, maana seriamu ardhini inakaribiana na shaba kwa wingi. Kazi ni kuitenganisha na ndugu zake, wanaofanana kama watoto wa tumbo moja. Wewe wa Lindi umeyaona yakifanya kazi tangu utotoni. Zile karabai za wavuvi wa dagaa, kile kifuko cheupe kinachovalishwa juu ya tundu la moto: pamba yake huungua siku ya kwanza tu. Kinachobaki na kung'aa ni mifupa ya oksidi, na katika vifuko vya kizamani mifupa hiyo ilikuwa thoriamu karibu yote na seriamu kiasi cha asilimia moja. Carl Auer von Welsbach wa Austria aliupata mchanganyiko huo mwishoni mwa karne ya 19. Ukiitoa ile asilimia moja, taa inakuwa hafifu, haimwoni hata samaki. Siku hizi wengi wamehamia taa za LED, na LED nyeupe ndani yake ni ya buluu iliyopakwa unga wa manjano, na unga huo una seriamu. Yaani seriamu ilishushwa mtumbwini na karabai, ikapanda tena na betri.

Anayewaka kijani kwenye video yako ni ndugu mwingine, erbiamu. Jina lake limetoka kijiji cha Ytterby huko Sweden, kijiji ambacho kimewapa majina ndugu wanne: iterbiamu, itriamu, terbiamu na erbiamu. Huyu naye unamtumia kila siku. Nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari na kuingilia Dar es Salaam zina vikuza mwanga vyenye erbiamu kila baada ya umbali fulani, bila hivyo mwanga ungefifia njiani. Unakumbuka Mei 2024 intaneti ilivyokatika, wateja wakakuletea simu wakidhani zimeharibika? Nyaya zilikuwa zimekatika baharini.

Uzuri wa erbiamu uko kwenye elektroni zake za ndani. Zimefunikwa na tabaka jingine la elektroni, kama korosho ndani ya ganda lake. Ya nje hayazigusi sana, kwa hiyo popote utakapoitia inatoa rangi zake zilezile, nyembamba na safi.

Kwa nini mwanga usioonekana unatoka kijani? Taa waliyotumia, karibu nina hakika, ni leza ya nanomita 980, jirani ya mwanga wa rimoti ya televisheni. Elekeza rimoti kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza, utaiona ikimetameta. Jicho tupu halioni kitu. Sasa fikiria mkwezi wa minazi. Hawezi kuruka kutoka chini mpaka kileleni, lakini mnazi umekatwa vidato. Chembe moja ya mwanga wa 980 ina nguvu ya elektroni-volti (kipimo cha nguvu ya vitu vidogo kama hivi) 1.27 hivi. Inaipandisha elektroni ya erbiamu hadi kidato cha kati. Elektroni inasimama pale muda kidogo, na kabla haijashuka inakuja chembe ya pili na kuisukuma juu zaidi. Jumla sasa ni 2.53. Hapo inateleza kidogo, kiasi fulani kinapotea kuwa joto, halafu inajiachia mpaka chini kwa mruko mmoja na kutoa chembe moja ya kijani yenye 2.25. Mbili hafifu zimezaa moja yenye nguvu. Jambo hili lilielezwa mwaka 1966 na François Auzel wa Ufaransa, na Warusi Ovsyankin na Feofilov nao walilifikia wakati huohuo bila kujuana.

Unaweza kuthibitisha kwa hesabu. Kwa kuwa zinahitajika chembe mbili, ukiongeza leza mara mbili kijani kinaongezeka karibu mara nne. Kikiongezeka mara mbili tu, kuna kitu kingine kinawaka. Na ndiyo sababu rimoti yako haitawasha kisahani: mwanga wake ni hafifu na wimbi lake haliangukii pale, chembe ya pili haifiki kabla ya ya kwanza kuchoka. Wengi humwongeza iterbiamu, anayeunasa mwanga wa 980 vizuri zaidi kuliko erbiamu na kumkabidhi mwenzake. Erbiamu yenyewe hutiwa kidogo, asilimia chache au chini ya hapo. Ukiijaza, atomu zinakaribiana na kuanza kupokonyana nguvu, mwanga unafia humohumo ndani.

Hapa ndipo ile atomu isiyokaa katikati inaporudi, safari hii kwa wema. Elektroni za erbiamu zikiwa katika chumba kilicho sawasawa pande zote, sheria za fizikia karibu zinazikataza kutoa mwanga. Chumba kikipinda, katazo linalegea. Na katika feroelektriki unaweza kukipinda chumba kwa umeme: ukiongeza volti au kuzigeuza, ung'avu wa kijani unabadilika kiasi. Kioo cha kawaida kilichotiwa erbiamu hakikupi hilo.

Nikuonye jambo moja hapohapo. Leza ya 980 haionekani, kwa hiyo jicho halipepesi. Inachoma nyuma ya jicho na wewe umetulia unaangalia kijani kizuri. Kuna vijana wanaagiza leza hizi mtandaoni bila miwani. Usiwe mmoja wao.

Sasa lile la tatu. Kwa watengeneza vioo, kisahani chako kina kasoro. Kwangu mimi kasoro hiyo ndiyo mali.

Niobati hii huchomwa kwa joto la nyuzi 1100 na zaidi. Katika joto hilo potasiamu na sodiamu hazitulii, zinavuka kuwa mvuke na kuondoka. Kila inayoondoka inaacha pengo. Na kwa sababu hesabu ya chanya na hasi lazima ikae sawa, oksijeni nazo zinaondoka na kuacha mapengo yao. Kwa hiyo kauri inatoka tanurini ikiwa imejaa viti vitupu vya aina mbili. Kwa jicho huvioni.

Kisha unaipiga mwanga wa zambarau, tuseme wa nanomita 405. Chembe yake moja ina elektroni-volti 3.06, zaidi ya mara mbili ya ile ya 980. Nguvu hiyo inatosha kuzing'oa elektroni mahali pake. Zinatangatanga ndani ya fuwele na kuangukia kwenye mapengo ya oksijeni, na mle zinanasa. Kule zilikong'oka hubaki tundu la chanya, nalo linanaswa kwenye viti vya potasiamu. Elektroni iliyonaswa ina tabia moja mbaya: inakula mwanga unaoonekana. Ndio ule moshi uliouona. Na kwa kuwa inakula hasa mwanga wa rangi ambazo erbiamu inazitoa, kijani kinapungua kwa njia mbili, kuna kinachomezwa baada ya kutoka, na kuna nguvu inayoporwa kutoka kwa erbiamu hata kabla haijawa mwanga.

Ukipasha moto kiasi cha nyuzi 200 kwa dakika chache, elektroni zinatikisika, zinatoka mitegoni na kurudi kwao. Moshi unapotea, kijani kinarudi.

Angalia sasa kilichopatikana. Zambarau inaandika, joto linafuta, na 980 inasoma. Na inasoma bila kuharibu maandishi, kwa sababu chembe yake ya 1.27 haina nguvu ya kung'oa elektroni na kuzitupa mtegoni. Hapo ndipo erbiamu inapowashinda wenzake. Kuna wanaotia samariamu, ndugu mwingine wa madini adimu, inayowaka rangi ya chungwa kwa uzuri kabisa. Lakini samariamu huamshwa kwa zambarau ileile inayoandika, kwa hiyo kila unaposoma unaandika juu ya maandishi, kama karani anayesoma daftari kwa kalamu yenye wino. Mimi nikisikia mtu anasifia kumbukumbu ya mwanga ya namna hiyo, swali langu la kwanza ni anasoma kwa taa gani.

Kinachobaki ni kipimo cha mapengo. Yakiwa machache, kisahani kinakuwa angavu lakini hakikumbuki. Yakiwa mengi, kinakumbuka sana lakini tangu mwanzo kina ukungu, na ukikitia umeme unavuja. Unayapanga kwa joto la tanuri, kwa muda, kwa hewa uliyochomea, na kwa potasiamu ya ziada unayotia kufidia itakayopotea.

Nami nimelipia ada ya somo hili. Kabonati ya potasiamu hunyonya maji hewani kuliko unavyodhani. Ni jamaa wa yale maji ya majivu ambayo bibi zetu walikuwa wakichujia mboga, na unajua majivu yakiachwa wazi wakati wa masika yanavyolowa. Mwaka wangu wa kwanza niliipima mezani bila kuikausha kwenye joto kwanza. Mizani ilipima maji, mimi nikaandika potasiamu. Uwiano ukaharibika na sikujua. Visahani vilitoka tanurini vizuri, nikavipiga picha, nikavitia kwenye bahasha. Baada ya wiki moja nikafungua nikakuta vimevimba na kubomoka kama biskuti iliyozama kwenye chai. Unyevu wa hewani uliingia kwenye mabaki yasiyopata mwenzake na kuvipasua toka ndani. Tangu siku hiyo unga wangu unalala ovenini, na bahasha nilizitupa.

Memori kadi? Hapana. Nitakupa hesabu yenyewe. Diski za Blu-ray husomwa kwa leza hiyohiyo ya nanomita 405, na diski ya upana wa sentimita 12 inabeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja. Nukta ya mwanga haiwezi kuwa ndogo tu kwa sababu tumetaka. Kadi unayoiuza hapo kibandani, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, inabeba 128 bila kujisifu. Wanaotetea kauri husema kwa kuwa ni angavu tutaandika tabaka juu ya tabaka, kwenda kina, si usoni tu. Ni hoja ya kweli, na ndiyo sababu uangavu unahangaikiwa. Lakini bado kuandika kwenyewe kunachukua sekunde nyingi au hata dakika, na kufuta kwa joto kunafuta kisahani kizima. Mteja akitaka kufuta picha moja utamwambia nini?

Mahali ninapokiona kina kazi ni kwingine. Alama za siri za kuzuia vitu feki, kwanza. Wewe unajua betri feki za simu zinavyoingia sokoni na stika zinazong'aa kuliko za halali. Kinachowaka kwa rangi moja kinaigika. Kinachowaka kijani kwa mwanga usioonekana, kikafifia kwa zambarau na kurudi kwa joto, kinahitaji mwigaji mwenye tanuri na subira. Kazi ya pili ni kupima joto. Kijani cha erbiamu ni mistari miwili iliyokaribiana, kama nanomita 525 na 550, na joto likipanda ule wa 525 unapata nguvu ukilinganisha na mwenzake. Ukipima uwiano wao unajua joto la mahali bila kugusa wala kufikisha waya. Kwenye transfoma, kwa mfano, ambako waya wa chuma ni hatari, hilo lina maana.

Udongo wetu, basi. Haufai, na si kwa sababu ni mbaya. Mfinyanzi ni aluminiamu na silika na maji, hauna hata chembe ya tabia ya kiberiti chako, na ule wekundu wake unatokana na chuma. Chuma kidogo tu kwenye kauri angavu kinatosha kuiharibu. Hata moto wa kuchomea vyungu kwa kuni uwanjani kwa kawaida haufiki nyuzi 1000. Madini adimu yenyewe nchini yapo Ngualla, mkoani Songwe, mbali na huku. Lakini Ruangwa na Nachingwea zina madini ya kinywe (grafaiti), na kalibu nyingi za kugandamizia unga wa kauri ukiwa motoni huchongwa kwa kinywe. Jambo la kuchekesha ni kwamba kinywe kikiwa cha moto hunyang'anya kauri oksijeni yake. Kisahani kinatoka cheusi kama mkaa, mapengo matupu, mpaka ukichome tena penye hewa ndipo kinatakata.

Kwa hiyo mpwa wako ukimpigia, muulize kauri ile ilichomewa kwenye hewa gani na potasiamu ya ziada ilikuwa kiasi gani. Kwenye majibu hayo mawili kuna sehemu kubwa ya kilichotokea kwenye video. Na akija likizo na kimoja mfukoni, kiwekeni kwenye kopo lenye kifuniko. Kikiachwa juu ya meza ya kibanda, jua la Lindi la saa sita litakiandika lenyewe, na mteja wa kwanza kukiona atadhani ni kioo kichafu.